Daftari za Mlimani: Wanafunzi wa Historia na Vita vya Majimaji

Mtu akiuliza wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa wakifanya nini mwishoni mwa miaka ya 1960, jibu la haraka huwa ni siasa. Atatajiwa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ulioanzishwa 1967, ambao mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni kabla hajawa rais wa Uganda. Atatajiwa jarida lao la Cheche, lililoanza 1969 na kupigwa marufuku mwaka uliofuata. Atatajiwa mhadhiri Walter Rodney na mijadala iliyokesha. Yote ni kweli, na waliokuwamo wameyaandika wenyewe kwa wingi, maana watu wa siasa hawasahau kujiandika. Lakini katika miaka hiyohiyo walikuwapo wanafunzi wengine, wa Idara ya Historia, ambao likizo ilipofika walifunga mizigo wakaenda Kilwa, Liwale, Songea, Mahenge na kwingineko kusini mwa nchi kuwauliza wazee habari za Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, vya 1905 hadi 1907. Hawakuwa na bendera wala gazeti. Walirudi na daftari. Kazi ya daftari hizo, pamoja na kasoro zake, ndiyo iliyotia nyama katika kile ambacho wasomi huita Shule ya Historia ya Dar es Salaam, na ndiyo iliyodumu kuliko nadharia za walimu waliowatuma. Sababu ya kudumu kwake ni ya kawaida kabisa: waliandika nani alisema nini, wapi na lini, wakaacha maandishi hayo mahali ambapo mtu asiyekubaliana nao angeweza kuyasoma.

Ili kuona uzito wa jambo hilo ni lazima kukumbuka hali ilivyokuwa. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi darasa moja dogo. Kilihamia kilimani 1964, na mwaka huohuo Idara ya Historia ikaanza chini ya Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka mmoja kabla kwa sababu ya kushirikiana na wapigania uhuru. Idara ilianza ikiwa haina vitabu vya kufundishia historia ya Tanzania. Vilivyokuwapo vilieleza utawala: magavana, sheria zao, vituo vyao vya boma. Mwaka 1965 mkutano mkubwa wa wanahistoria wa Afrika ulifanyika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Chama cha Historia cha Tanzania, kilichofanya kazi bega kwa bega na idara. Chama kilianza kutoa vijitabu vyembamba kupitia East African Publishing House ya Nairobi. Rodney aliandika kimoja juu ya biashara ya watumwa ya Afrika Magharibi, Edward Alpers kingine juu ya ile ya Afrika Mashariki. Kijitabu cha nne, cha mwaka 1968, kilikusanya kumbukumbu za Vita vya Majimaji. Wahariri wake walikuwa wawili: John Iliffe, mhadhiri kutoka Uingereza, na Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyekuwa bado njiani kuelekea shahada yake ya udaktari.

Huyu Gwassa anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. Iliffe alijua nyaraka za Kijerumani. Makala yake ya 1967 juu ya jinsi vita hivyo vilivyoandaliwa bado inasomwa. Nyaraka hizo, hata hivyo, ziliandikwa na watu waliokuwa wakipigana, tena upande mmoja. Gavana Götzen mwenyewe alichapisha kitabu 1909, na humo Mwafrika huonekana akija mbio, akipigwa risasi au akisalimu amri. Mawazo yake hayamo. Gwassa alikwenda Umatumbi na bonde la Rufiji kuzungumza na waliokuwa upande wa pili, na humo ndimo alimompata Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa havijamaliza hata mwezi tangu watu wang'oe pamba kule Nandete. Gwassa alimweka Kinjikitile ndani ya mambo aliyoyajua mtu wa Umatumbi wa wakati ule: mizimu kama Bokero, mito, maji ya dawa yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, mahujaji waliomiminika Ngarambe miezi mingi kabla ya risasi ya kwanza. Tasnifu yake aliikamilisha 1973. Ilikuwa kazi ya mwanafunzi, lakini kila aliyeandika juu ya Majimaji baada yake amelazimika kupita mlangoni kwake, awe anakubaliana naye au la.

Kutokana na kazi ya hawa wawili ukazaliwa mradi mpana zaidi, uliojulikana kwa herufi MMRP (Maji Maji Research Project), wa mwaka 1968 na 1969. Wakati ulikuwa unakimbia. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na mitano pamba ilipong'olewa, mwaka 1968 alikuwa na miaka sabini na minane. Mhadhiri mmoja au wawili wasingeweza kuzunguka eneo lote lililoguswa na vita, kuanzia pwani ya Kilwa na Lindi hadi Ungoni, na kupanda hadi Kilombero na nyanda za juu. Wanafunzi wangeweza, hasa kwa kuwa wengine walikuwa wenyeji wa huko. Mwenyeji hahitaji mkalimani, hana haja ya kupewa barua ya kumtambulisha kwa mzee ambaye huenda ni jirani au ni babu yake, na akiambiwa jina la mto au la ukoo halikosei. Walizungumza kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, kisha wakaandika ripoti. Zilipigwa chapa kwa mashine, zikarudufiwa, zikafungwa pamoja 1969. Anayesoma kitabu chochote cha maana kuhusu Majimaji leo atakutana nazo tanbihini: herufi MMRP, kisha msururu wa namba zilizotenganishwa kwa mikwaju, 68 ikiwa miongoni mwazo. Msururu huo mkavu ndio mpango mzima wa mradi. Kila namba inakurudisha kwenye ripoti fulani, kwa mzee fulani, katika kijiji fulani.

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi hawa hawakuwa wa kwanza, na hilo halina ubishi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alikuwa ameitungia vita hivyo utenzi zamani, na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikauchapisha 1957. R. M. Bell, afisa wa Kiingereza, alichapisha 1950 katika Tanganyika Notes and Records habari alizozikusanya Liwale. Wazee nao hawakungoja chuo ili wakumbuke. Tofauti iko katika matumizi. Utenzi ni kauli ya mtunzi mmoja mwenye msimamo wake, na huwezi kumuuliza ubeti fulani aliupata kwa nani. Makala ya Bell ni kauli ya afisa aliyekwisha kuzichanganya habari alizopewa zikawa masimulizi yake mwenyewe. Ripoti za wanafunzi zinaruhusu mzee wa kijiji kimoja apingane na mzee wa kijiji cha jirani, katika jalada lilelile, bila mtu wa kuwapatanisha. Kwa mwanahistoria hiyo ni mali.

Pingamizi zito zaidi lilitoka Makerere. Mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper waliandika katika African Affairs kwamba wanahistoria wa Dar es Salaam ni watu waliokwenda kutafuta taifa: walijua mapema kwamba Tanzania ipo, kisha wakarudi nyuma kuiokota katika kila uasi na kila mganga. Ranger aliwajibu mwaka uliofuata, kwa hasira kidogo, na jibu lake halikumaliza kesi. Ukweli ni kwamba walikuwa na hoja. Nyerere alikwisha kusimama Umoja wa Mataifa 1956 akaieleza Majimaji kuwa ni wananchi waliokataa kutawaliwa na mgeni, miaka kumi na miwili kabla mwanafunzi yeyote hajatumwa kijijini. Jibu lilikuwa limeshajulikana, na maswali yakapangwa kulifuata. Katika kazi za wakati ule maswali yanayorudi ni yaleyale: makabila yaliunganaje, nani aliwaongoza, imani ya maji iliwavukishaje watu mipaka ya koo? Mzee aliyetaka kueleza kwamba vita vilikuwa nafasi ya kulipa kisasi kwa jirani, au kwamba alijificha porini mpaka vikaisha, hakuwa na swali la kumwingiza. Thaddeus Sunseri, katika makala ya mwaka 2000, alilisema hili kwa ukali: simulizi ya dola iliamua kipi kisikike na kipi kipite.

Lakini hoja ya Denoon na Kuper ina udhaifu mmoja ambao wao wasingeweza kuuona 1970. Kama mkusanyo ungekuwa umepikwa ili utoe taifa, usingefaa kwa kitu kingine. Kilichotokea ni kinyume. Patrick Redmond alipoandika juu ya Ungoni 1975, alionyesha vita vyenye sababu zake, vya watemi na manduna waliokuwa na hesabu zao za madaraka. Jamie Monson, katika makala ya 1998, aliondoa macho kwenye muungano wa kitaifa akayapeleka kwenye ushirikiano na uhasama wa muda mrefu wa nyanda za kusini, ambamo Majimaji ilikuwa sura moja tu. Felicitas Becker, 2004, aliwaleta wafanyabiashara na wakubwa wa kusini mashariki waliokuwa wakipoteza nafasi zao chini ya Wajerumani. Mwaka 2010 James Giblin na Monson wakatoa kitabu kizima cha kuondoa ukungu juu ya vita hivyo. Wote hawa wanaikana ile Majimaji ya taifa moja, na mkusanyo wa wanafunzi umeendelea kuwa miongoni mwa vyanzo ambavyo mtafiti wa vita hivyo hawezi kuviruka. Mahakamani, shahidi aliyeletwa na upande wa mashtaka akiweza kutumiwa na utetezi kushinda kesi, huwezi kusema tena kwamba alifundishwa la kusema.

Hata hivyo yako mapengo ambayo hayazibiki kwa hoja hiyo. Kubwa ni la wanawake. Sauti zinazotawala ni za wanaume, kwa kuwa vita vilihesabiwa kuwa habari ya wanaume na wazee waliotafutwa ni waliopigana. Sunseri alionyesha mwaka 1997, akizungumzia Uzaramo, gharama ya pengo hilo. Wanaume walikuwa wakichukuliwa kwenda kulima pamba na kufanya kazi mbali, huku sheria za Kijerumani za uwindaji zikiwazuia watu kuwinda na kutega kama walivyozoea. Nguruwe wa porini wakaingia mashambani. Aliyebaki kulinda mazao usiku, kufukuza nguruwe kwa vigoma na moto huku mtoto yuko mgongoni, ni mwanamke, na mazao yalipoliwa ni yeye aliyetakiwa kujua watoto watakula nini. Ukiitazama 1905 kutoka kwenye shamba lile, kung'oa pamba kunapata maana nyingine kabisa, na Kinjikitile anarudi nyuma hatua kadhaa. Mwanafunzi aliyemhoji mzee wa kiume juu ya risasi kugeuka maji asingelipata jambo hilo hata angekaa mwezi mzima. Mwaka 1968 wanawake walioyaona hayo walikuwa hai.

Pengo la pili ni la lugha. Wazee walisema Kiswahili, Kimatumbi, Kingoni. Ripoti zikaandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu shahada ilitolewa kwa Kiingereza. Karatasi zilirudufiwa kwa ajili ya chuo, hazikutolewa kama kitabu cha dukani. Mzee aliyetoa ushahidi hakupata nafasi ya kusoma alivyonukuliwa, na mwanawe pia hakuipata. Kazi ya kuirudisha Majimaji kwa watu kwa Kiswahili ikaangukia jukwaa la maigizo. Ebrahim Hussein, aliyesoma hapohapo Mlimani, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile 1969, mwaka uleule wa jalada la MMRP, na kwa vizazi vya wanafunzi wa sekondari Majimaji ni ile ya Hussein. Hili lina matokeo ambayo mtafiti wa leo hukutana nayo: anayekwenda kijijini kuuliza habari za maji hupewa, mara nyingi, habari zilizopitia darasani kwanza. Jalada la 1969 lina faida hapa ambayo waliolitengeneza hawakuikusudia. Ni masimulizi yaliyorekodiwa kabla tamthilia na vitabu vya shule havijasambaa, kutoka kwa watu ambao wengi wao walikuwa wameyaona mambo kwa macho.

Majimaji haikuwa kazi pekee. Mwaka 1973 Iliffe alihariri kitabu cha maisha ya Watanzania kadhaa wa nyakati za ukoloni, kilichotolewa kwa niaba ya Chama cha Historia, na humo kalamu za wanafunzi zinaonekana tena. Sura maarufu kuliko zote kwa wasomaji wa Dar es Salaam ni ile ya Daisy Sykes Buruku juu ya babu yake, Kleist Sykes. Mantiki ni ileile ya kumtuma mwanafunzi nyumbani, safari hii nyumbani kukiwa Kariakoo. Kleist alizaliwa 1894, mtoto wa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji kuwa askari wa Wissmann, kamanda wa Wajerumani. Mwenyewe akapigana Vita vya Kwanza upande wa Wajerumani, kisha akawa katibu mwanzilishi wa African Association mwaka 1929. Kabla ya kufa 1949 aliandika habari za maisha yake, na maandishi hayo yalibaki katika familia. Hakuna kabati la serikali lililokuwa nayo. Mjukuu aliyekuwa akisoma historia ndiye aliyeweza kuyaweka mbele ya wasomaji.

Mtu anaweza kusema mjukuu akimwandikia babu yake hiyo ni sifa ya ukoo, si historia, na tahadhari hiyo ni halali. Upendeleo wa mjukuu, hata hivyo, uko wazi kwenye jina la mwandishi. Msomaji anaupima tangu ukurasa wa kwanza. Upendeleo unaosumbua zaidi ni ule usio na jina, wa historia rasmi isiyosema imeacha nini. Kutoka kwenye nyaraka za familia hiyohiyo ya Sykes, Mohamed Said aliandika kitabu chake cha 1998 juu ya Abdulwahid, mwana wa Kleist, kikidai kwamba masimulizi rasmi ya TANU yaliwafuta wazee wa Dar es Salaam, hasa Waislamu, waliokijenga chama kabla na wakati wa ujio wa Nyerere. Unaweza kubishana na kitabu hicho, na wengi wanabishana nacho hadi leo. Lakini angalia njia iliyopitwa: idara iliyoshtakiwa kwamba inaandika historia ya chama tawala ndiyo iliyomwachia mwanafunzi wake mlango, na hoja kali kuliko zote dhidi ya historia ya chama hicho ikaja kupita mlango huohuo.

Kwa nini mtindo huo wa kuwatuma wanafunzi kwa wazee ulififia? Watu waliondoka: Ranger alikwenda Marekani 1969, Iliffe akarudi Cambridge muda si mrefu baadaye. Muhimu zaidi, upepo wa mawazo uligeuka. Kitabu cha Rodney cha 1972 juu ya namna Ulaya ilivyodumaza Afrika kilimfanya mwanafunzi makini aone aibu kushughulika na mganga mmoja wa Ngarambe wakati mfumo wa dunia haujaelezwa. Mwaka 1981 Arnold Temu na Bonaventure Swai, wote wa idara hiyo, walitoa kitabu cha kuishutumu historia ya kizazi kilichotangulia: imejaa mashujaa na mila, haina uchambuzi wa matabaka. Temu alikuwa akijisahihisha pia, kwani ndiye aliyehariri na Isaria Kimambo kitabu cha historia ya Tanzania cha 1969. Shutuma yao ilikuwa na haki yake. Kuuliza nani alifaidika na pamba ni swali bora kuliko kuuliza nani alikuwa shujaa. Walichokosea ni kudhani kwamba swali bora linapunguza haja ya kutembea. Nadharia ya matabaka ingeweza kuwatuma wanafunzi wa miaka ya 1970 kwa wazee walewale wakiwa na maswali mapya kuhusu kodi, ujira, mashamba ya akida na nguruwe wa porini. Kwa sehemu kubwa iliwakalisha maktaba, na wazee hawakungoja.

Ndiyo maana kazi ya Bertram Mapunda katika kile kitabu cha 2010 inavutia. Mapunda ni mwanaakiolojia wa chuo hichohicho, na aliviendea upya vita vya Ungoni kwa kuunganisha masimulizi ya wenyeji na ushahidi wa ardhini. Hakuna tena aliyeona, kwa hiyo kinachosimuliwa kinapelekwa kwenye udongo kupimwa. Jalada la MMRP linakaa vizuri katikati ya hivyo viwili: ni la zamani kuliko masimulizi ya leo, na lina maneno ambayo udongo hauna. Sehemu ambayo bado inangoja ni ile ya Kiswahili. Jalada hilo likitolewa kwa Kiswahili, ripoti kwa ripoti, na majina ya wazee yakiwa mahali pake, mtu wa Liwale au Mahenge ataweza kumkuta babu yake humo na kusema kama alinukuliwa sawasawa.